Mshenga wa Kuacha Kazi

Mama aliyeniajiri Mwanjelwa alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko faida: jambo kubwa halisemwi na mwenyewe. Ukitaka kuoa, tuma mtu. Ukimkosea baba yako, tuma mtu. Mtaani kwake posa haikupokelewa mpaka yeye akae upande wa binti, na wanaume wazima walitoka mle ndani wamelowa jasho, pamoja na baridi yote ya Mbeya.

Mimi nilikuwa fundi wake wa kukata. Ofisi ilikuwa na vyerehani vinne mbele, meza yangu nyuma, na pazia la kujaribia nguo pembeni. Tulishona sare za shule na za kwaya. Nilifika pale nikitokea kijijini Igowole, sijui hata kushika mkasi, akanifundisha kwa kunivuta sikio kila nilipokata kitambaa upande mbaya. Mwaka wa kwanza nililala kwake, nikala kwake, nikaumwa kwake. Kwa hiyo nilipopata habari kwamba chuo kimoja cha ufundi Iringa kinanitaka nikafundishe ushonaji, nilifurahi kidogo, halafu nikamkumbuka Mama.

Chuo kilitaka niripoti Jumatatu iliyofuata. Nisipotokea, nafasi anapewa mwingine. Mkataba wangu na Mama ulidai notisi ya mwezi mzima, na ungeweza kufupishwa tu tukikubaliana. Na ilikuwa mwanzo wa Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni na watoto wasiokubali kusimama wima wapimwe. Kukubaliana na Mama kipindi hicho ni sawa na kumwomba kuku anayeatamia akupishe.

Ningeweza kutoroka. Mafundi hutoroka, mtu anaaga anakwenda msalani, kesho unasikia yuko Makambako. Lakini kazi ya Iringa niliitaka, na Mama nilimtaka vilevile. Niliogopa kuondoka akiwa amenuna, halafu kila nikifika Mbeya nianze kupita mtaa wa nyuma kama mwizi wa kuku.

Nikajaribu kusema. "Mama, nina jambo." Akanipa uzi mweusi, eti ndio niliokuwa nautaka. Nikajaribu tena, akanituma Mbalizi kufuata vifungo. Niliporudi na vifungo nikajaribu mara nyingine. Safari hiyo akavua miwani.

"Hilo jambo lako ni kubwa au dogo?"

"Kubwa, Mama."

"Sasa mbona unalisema mwenyewe? Kwani huna kwenu?"

Alidhani amenimaliza. Bahati mbaya kwake, kwetu ninapo, na Mbalizi nina mjomba.

Mjomba huuza viazi kando ya barabara, ila maneno anayo mengi kuliko viazi. Jioni ile nikamfuata, nikamweleza kwamba nataka anisemee niache kazi, na anisemee kwa taratibu zote, kama mshenga. Nilitegemea atacheka. Akageuka tu kwa mkewe akauliza koti lake la posa liko wapi.

Kesho yake asubuhi akapiga hodi kwenye mlango usiopigiwa hodi na mtu. Koti limefungwa vifungo vyote, mkononi ndoo ya viazi. Mafundi wakaacha kukanyaga vyerehani. Mimi nilikuwa nimeshaingia nyuma ya pazia, maana binti anayeposwa haonekani.

"Kamwene," akasalimu kwa lugha ya kwetu, akaketi. "Mama, nimetumwa. Kuna bwana yuko Iringa. Nyumba yake ndefu, watoto wake wengi, na wote anawafundisha ufundi. Amesikia kwamba hapa kuna binti anayejua kukata."

Nilichungulia. Mama alitazama koti, akatazama ndoo, kisha akatazama pazia langu moja kwa moja. Alikuwa ameelewa kila kitu. Nikafumba macho nikisubiri kufukuzwa mimi, mjomba na viazi vyetu.

Akavua futi shingoni, akaikunja taratibu.

"Umeketi kabla hujakaribishwa," akasema. "Hiyo ni faini."

Mjomba akasimama. Nikajua tumepona, au tumeingia pabaya zaidi.

"Huyo bwana anamtaka lini?"

"Jumatatu."

"Posa gani ya Jumatatu? Kwani amempa mimba?"

Mafundi wakaangukia vyerehani kwa kicheko. Mimi niliuma pazia.

"Hapana, Mama. Ni msomi tu, hana subira."

"Sisi mkataba wetu unasema mwezi."

"Tunaujua. Ndiyo maana hatukuja mikono mitupu."

"Basi jibu halitoki leo, mpaka nikae na watu wangu. Rudi keshokutwa. Viazi vibaki."

"Vikibaki ina maana mmekubali."

"Vikibaki ina maana tumekula."

Zile siku za kusubiri alinitesa kwa ukimya. Alinituma, alinikosoa, alinipa chai, wala hakugusia neno. Na mimi nisingeweza kuuliza, kwa kuwa binti haulizi posa yake imefikia wapi. Nilikuwa nimejifunga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe, na Jumatatu inakuja.

Mjomba aliporudi, safari hii alisubiri akaribishwe. Mama alikuwa amejifunga kitenge cha kanisani.

"Binti huyu nimemlea mimi," akasema, "na mlezi ana mkaja wake, shukrani ya malezi. Mimi sitaki khanga. Akate sare zote tulizochukulia oda, asiache hata kola. Na amfundishe huyu wa cherehani cha dirishani kushika mkasi. Akimaliza, mwezi wangu naufupisha, Jumapili mchukueni."

Mjomba akaomba apunguziwe, iwe nusu ya sare. Akatozwa faini nyingine kwa kutaka kupunguza mkaja.

"Binti, toka," Mama akaita.

Nikatoka na vipande vya nyuzi kichwani.

"Unamjua huyu mzee?"

"Namjua."

"Viazi vyake tuvipokee?"

Ndilo swali ambalo binti huulizwa mbele ya watu wa kwao. Mzaha wote niliuanzisha mimi, na nilikuwa nimejiandaa kucheka, lakini nikajikuta nakung'uta nyuzi kichwani. Nilimpenda sana yule mama.

"Vipokeeni," nikasema.

"Tulishavila," akajibu, akarudi kwenye cherehani.

Nilikata mpaka vidole vikavimba, nikiulaani ujanja wangu. Mshenga wa kawaida hugharimu mahari. Wangu alinigharimu marinda ya shule nzima. Barua ya kuacha kazi niliiandika baadaye kwa ajili ya faili, naye akaisaini akiwa anatafuna muhindi. Jumapili alinisindikiza stendi. Alimgeukia mjomba. "Wakimtesa huko, nitakuja kukuuliza wewe."

Likizo ya kwanza nikarudi kama binti aliyeolewa anavyorudi: kuku mkononi, ndoo ya nyanya, hodi mlangoni. Mama akanipokea vizuri mno. Akaniketisha kwenye benchi la wateja, akatuma soda. Nikainuka kwenda kwenye meza yangu, akanizuia kwa mkono.

"Mgeni hashiki mkasi. Keti."

Nikadhani anatania. Kesho yake ikawa hivyohivyo, chai na andazi, na habari za Iringa. Mbele yangu yule wa dirishani anakata majoho ya kwaya, mkasi unakwenda upogo, na mimi natakiwa nitabasamu kama mkwe. Niliumia. Nikajiambia ndiyo mwisho wake. Niliomba kutolewa kwa heshima, na mtu aliyetolewa kwa heshima hubaki mgeni. Heri ningetoroka, angalau angekuwa ananitukana.

Asubuhi iliyofuata nikaja kumuaga. Nikaketi benchini, nikapewa chai. Mama akaja na ule mkasi mkubwa, akasimama mbele yangu.

"Leo siku yako ya ngapi hapa?"

"Ya tatu, Mama."

Akauweka mkasi benchini, akausukuma mpaka ukagonga kikombe changu.

"Jembe lako hilo," akasema. "Na ukikata upande mbaya, sikio lako nalijua."