Masale Hayamo Kwenye Ramani

Mwanangu, siku niliyotia sahihi kuuza nusu ya shamba letu kule Mwatate naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa kijana, najiona mwerevu kuliko bodi ya ardhi.

Baba alipofariki, hati tuliiandikisha kwa jina langu peke yake, maana mimi ndiye kifungua mimba. Mimi na ndugu yangu Mwakio tukagawana kimila: tulipanda masale katikati, na tangu enzi za mababu mmea huo ukiota mpakani hakuna anayeuvuka. Mwakio akajenga upande wa juu. Wangu ulibaki vichaka, nikapata mnunuzi. Bodi ikakataa kuligawa shamba. Vipande vingekuwa vidogo mno. Basi nikatafuta njia ya panya: nimwandikie yule mnunuzi, mgeni kwetu, shamba zima, naye aahidi kwa mdomo kuishia kwenye masale. Mwakio hakupinga. Aliniamini.

Baba mdogo, aliyewahi kuwa karani wa ardhi pale Voi, alinikemea.

"We mwana, njia halali iko, na shamba halikatwi. Andikeni majina yote matatu kwa hati, lako, la nduguyo na la mnunuzi, kila mtu na fungu lake, halafu wakili aandike nani anatumia wapi. Hayo masale serikali haiyaoni!"

"Baba, masale yanajulikana na kila mtu," nikamjibu, nikacheka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Baada ya miaka miwili mgeni akaleta barua: Mwakio ahame. Mahakamani hakimu alikunjua ramani, akaniambia nimwonyeshe masale. Mstari ulizunguka shamba zima. Katikati hamkuwa na kitu. Nyumba ilibomolewa asubuhi moja, mkewe Mghoi akiokota sufuria kwenye vumbi la tingatinga.

Mwakio alihamia chumba cha kupanga Voi. Hakunitukana hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alipofariki hatukuwa na udongo wetu wa kumlaza. Tulimzika makaburi ya umma, na kwetu sisi Wadawida huko ni kumtupa mtu.

Sikukatazi kutumia ardhi yako pamoja na nduguyo bila kuikata, mwanangu. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la nduguyo liingie kwenye hati kabla hujamwonyesha pa kujenga, na mliyoafikiana yaandikwe, yapelekwe yakasajiliwe. Masale pandeni baadaye.

Mungu akupe umri mrefu, na siku yako ikifika, ulazwe kwenye udongo wenye jina lako.