Jinsi Krimea Yetu Ilivyowekewa Vikwazo

"Nimewekewa vikwazo," mdogo wangu alisema, akaketi juu ya mizani niliyokuwa nimemaliza kuitengeneza. Mshale ulipanda hadi sabini na nane, ukatulia bila kutetemeka. Nilifurahi kuuona umetulia, kisha nikamuuliza ni nani aliyemwekea.

Nilidhani ni mkewe. Shemeji yangu alikuwa ameondoka Jumapili baada ya misa, akapanda boda boda na watoto wake wawili hadi kwa baba yake, Kalama. Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kuishi na mwanamke, wakazaa, wakajenga, wakagombana juu ya rangi ya mlango, na bado wazee wakasema hajaoa. Mpaka apeleke ntheo, yaani mbuzi watatu kwa wakwe zake, mke ni binti wa kwao aliyeenda matembezi. Matembezi ya shemeji yalikuwa yamechukua miaka mingi. Safari hii baba yake alikuwa amepanga siku, Jumamosi, na shemeji mwenyewe alimwambia mdogo wangu mbele yangu: "Mbuzi zikikuja, tutarudi pamoja. Zisipokuja, mimi nitabaki kwa baba yangu nilime. Nimechoka kuwa mgeni kwa nyumba yangu."

Kwa hiyo swali langu lilikuwa na msingi.

"Si yeye," mdogo wangu alisema. "Ni Ulaya."

Alinipa simu. Pesa zote za mbuzi zilikuwa ndani ya simu ile, na kueleza jinsi zilivyoingia kunahitaji utulivu kidogo.

Mdogo wangu huuza matairi ya mitumba pale Kyumbi, kwenye njia panda. Vita vilipoanza kule Ulaya na bei ya mafuta na unga ikapanda, mteja mmoja wa lori alimfundisha kwamba shilingi ni mgonjwa na dola ni daktari. Kulikuwa na soko la sarafu za mtandaoni ambako mtu angeweza kununua sarafu iliyofungwa kwenye thamani ya dola, akaiweka, akamuuzia mwingine bei ikipanda. Unatuma shilingi kwa simu kwa mtu usiyemjua, soko linashika sarafu yake mpaka akiri kwamba amepokea, kisha linakuachia. Mdogo wangu aliipenda kazi hii. Alikuwa akinunua na kuuza huku amekalia tairi, na wapita njia wakidhani anasubiri mteja.

Mimi hutengeneza mizani za wachuuzi na za bucha, na ninayoyajua mengine niliyapata kwa kusoma chochote kilichopita mbele yangu. Alipofungua akaunti ile nilisoma masharti yake yote mpaka mwisho. Huenda hapa Machakos ni mimi pekee niliyefanya hivyo. Kulikuwa na sehemu ndefu juu ya maeneo yaliyowekewa vikwazo: kwa sababu ya vita, mataifa makubwa yalikataza biashara na sehemu fulani za dunia, na soko lile, likiogopa faini, lilifunga akaunti ya yeyote anayeishi huko. Niliisoma haraka kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa hatukuishi huko.

Sasa ujumbe ulisema kwamba akaunti imefungwa kwa sababu mwenyewe anaishi Krimea.

Niliusoma mara ya pili.

"Wewe uliandika unaishi wapi?"

"Kwani ninaishi wapi?" akajibu. "Si Krimea? Ama nilitaka nidanganye kompyuta?"

Hapo nikaelewa. Nje kidogo ya mji, ukishika njia ya Kalama, kuna kijitongoji ambacho zamani hakikuwa na jina. Kilikuwa na shamba la mzee mmoja marehemu na wanawe wawili waliogombania mpaka. Asubuhi moja mkubwa aliamka akakuta seng'enge imesogea hatua kadhaa upande wake, na mdogo wake anakunywa chai ndani ya ardhi mpya. Wiki ile ile redio zilikuwa zinasema juu ya Krimea, nchi ikichukua kipande cha nchi nyingine. Vijana wa stage ya boda boda hawakuhitaji zaidi. Utingo wakaanza kuita "Krimea, Krimea, shuka", na jina likashika. Mdogo wangu alikodi nyumba pale. Anwani yake, aliyoiandika kwa uaminifu, ilikuwa Krimea.

"Na Machakos? Hukuandika Machakos?"

"Hiyo nafasi ilikuwa ya mji. Niliandika Krimea. Halafu kulikuwa na nyingine inauliza jimbo, nikaandika tena Krimea, ndio wasikosee."

Nilimwandikia mtu wa huduma kwa wateja barua fupi na sahihi, nikieleza kwamba ziko Krimea mbili. Jibu lilikuja jioni. Walishukuru kwa ufafanuzi wetu, wakaomba tuzungumze kwa video, tukiwa mahali penyewe, ili tuwaonyeshe mazingira.

Alhamisi tulisimama barabarani mbele ya nyumba yake, bando imejaa, simu imepanguswa. Akatokea msichana mpole mwenye vipokea sauti masikioni. Kiingereza chake kilikuwa cha mbali na cha mdogo wangu kilikuwa cha Kyumbi, basi nikawa mkalimani.

"Anauliza kama sasa hivi uko Krimea."

"Mwambie ndiyo."

"Usiseme ndiyo!"

"Basi niko wapi?"

"Sema Krimea ya hapa."

Nikasema hivyo. Msichana akauliza hapa ni wapi.

"Hapa Krimea," mdogo wangu akamjibu moja kwa moja, kwa furaha ya mtu aliyeelewa swali bila msaada.

Akaomba azungushiwe simu aone majengo. Mdogo wangu akazungusha. Kwanza ikapita Bucha ya Krimea. Kisha kinu cha unga, Kisiagi cha Krimea. Kisha ukuta wa kanisa dogo la mabati, ulioandikwa kwa herufi nyekundu za urefu wa mtoto: YESU NI BWANA WA KRIMEA. Nilijaribu kusimama mbele ya ukuta lakini mimi si mtu mpana.

Wakati huo kijana mmoja wa boda boda akasogea kutazama. Alikuwa amevaa koti zito la mitumba, rangi ya kijani ya jeshi, lenye herufi ngeni kifuani ambazo hata mimi siwezi kuzisoma.

"Niaje. Mko kwa tiivii?"

Uso wa msichana ulibadilika. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama huyo ni askari.

"Anauliza kama wewe ni mwanajeshi," nikamwambia.

"Huyu?" akadakia mwenye bucha kutoka dirishani. "Huyu anakimbia bata mzinga! Mwanajeshi gani huyu, wa kuvamia mandazi?"

"Wewe nyamaza, na nyama yako ya juzi."

"Wanasema nini?" msichana akauliza.

Nikamwambia hakuna shughuli za kijeshi. Akaandika kitu. Akauliza swali la mwisho, ambalo nadhani limo kwenye maswali wanayopewa: je, ni nani anayedhibiti eneo hili kwa sasa?

Kosa langu, kama ni kosa, lilikuwa kulitafsiri kwa sauti. Watu walikuwa wameshajaa, na miongoni mwao walikuwemo wale ndugu wawili wa seng'enge, sasa wazee wenye fimbo.

"Mimi!" akasema yule ndugu mdogo. "Baba alinipa mimi, na watu walisikia!"

"Uongo! Krimea ni yangu mpaka kwa ile tangi!"

"Tangi uliiweka mwenyewe!"

"Na wewe seng'enge uliisogeza na nani? Na malaika?"

Fimbo zikainuka. Mwenye bucha akatoka na aproni yake ya damu kuwaamua. Msichana kule alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Wanasema nini?"

Mimi sijui kutafsiri nusu. Nilimwambia mmoja anadai mwenzake alisogeza mpaka kwa nguvu na kuchukua ardhi isiyo yake.

Akaandika tena kitu. Kisha akasema kwamba anashukuru sana kwa ushirikiano wetu, kwamba suala hili limepelekwa kwa kitengo cha juu, na kwamba tutajibiwa wiki ijayo au ile ya pili. Mwishowe, akiwa ameuacha utaratibu wake, akatusihi tujihadhari.

"Amesema nini?" mdogo wangu akauliza.

"Amesema tujihadhari."

"Na pesa?"

"Wiki ijayo."

Alikaa chini kando ya barabara na hakuna aliyemcheka, hata mwenye bucha. Ijumaa alizunguka mnada mzima akiomba apewe mbuzi, alipe baadaye. Lakini habari zilikuwa zimemtangulia, na njiani zilikuwa zimekua. Mchuuzi mmoja alimwambia hawezi kumpa mbuzi mtu anayetafutwa na Ulaya. Mwingine alitaka kujua kama Mrusi anaruhusiwa kuoa Kalama. Mimi nilikuwa nimetoka kulipa karo, mfuko wangu ulikuwa na risiti tu. Na mchango wa ntheo hauitishwi. Hakuna baba mkwe atakayekula mbuzi wa harambee.

Jumamosi asubuhi nilimkuta ananisubiri amevaa suti, na kamba mkononi. Kwenye ncha ya pili ya kamba kulikuwa na beberu mmoja mweupe, mnene, aliyefuga ndevu za mtu mwenye heshima zake.

"Umempata wapi?"

"Twende tu," alisema.

Basi tukaenda. Kwa kuwa baba yetu hayupo, mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa ukoo. Tulikaribishwa, tukapewa uji, tukauliza habari za mvua. Kisha baba mkwe, mtu mkavu mwenye kofia ya kanisani, akaangalia nyuma yetu, akaangalia nyuma ya beberu, kana kwamba wale wengine wawili wamejificha.

"Naona mbuzi moja."

"Ni mmoja, nau," nilisema. Nau ni baba, na sikuwa na heshima nyingine ya kumwongezea. "Wengine wamezuiwa."

"Wamezuiwa na nani? Na polisi ya Kyumbi?"

"Na vikwazo vya vita."

Nikaeleza. Nilieleza kwa mpangilio, nikianzia kwenye vita vyenyewe, nikaja kwenye bei ya mafuta, nikafika kwenye sarafu, nikamalizia kwa anwani. Wazee walinisikiliza kwa makini. Mmoja wao alilala.

"Sasa ngoja," baba mkwe akasema. "Nyinyi ni Warusi ama ni Wakamba?"

"Wakamba, nau."

"Na pesa iko wapi?"

"Iko ndani ya simu."

"Na simu iko wapi?"

"Hii hapa."

"Basi toa."

"Haitoki, nau."

Shangazi wa shemeji, aliyekuwa amekaa na sufuria yake ya maji ya moto tayari, akapiga magoti yake kwa viganja. "Kama haitoki, basi chinjeni simu! Mimi maji yangu inachemka bure!"

Kicheko kilipasuka, lakini baba mkwe hakucheka. Alisema jambo zito: kwamba mtu akitaka mke hatafuti maneno ya redio, na kwamba binti yake amengoja vya kutosha. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nilitazama viatu vyake vikiwa vimepigwa rangi upya.

Mila, hata hivyo, ina swali lake, na lazima liulizwe kabla ya kisu. Walimwita shemeji atoke jikoni. Kazi yake ilikuwa kusema kama anawajua wageni hawa, na kama wazee wamle mbuzi aliyeletwa au wamrudishe pamoja na waliomleta.

Alitoka akijifuta mikono kwa leso. Hakuwa ametufikia bado wakati beberu alipoinua kichwa, akalia kwa sauti ya juu, akaivuta kamba kwa nguvu hivi kwamba mdogo wangu alikimbia nyuma yake na suti yake hatua chache. Mnyama akaweka paji lake kwenye tumbo la shemeji, akasukuma.

Shemeji alimtazama. Kisha akamtazama mume wake.

"Huyu mbuzi ni wangu," alisema.

Mzee aliyelala akaamka.

"Aki mimi nilimlea huyu na chupa, mama yake alikufa. Kila asubuhi, mimi. Wewe ulikuwa unalalamika ananuka." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Umenitolea mahari na mbuzi yangu?"

"Hakukuwa na ingine," mdogo wangu alisema. "Nilizunguka mnada yote. Nilifikiria nikuje mikono mitupu, nikaona hapana. Nikaona bora unichape nikiwa nimefika."

Shangazi akaweka sufuria chini. Baba mkwe akavua kofia, akaikagua ndani, akaivaa tena.

"Swali ni lile lile," alimwambia binti yake, polepole. "Unawajua hawa watu? Tule, ama tuwarudishie?"

Shemeji alishika pembe la beberu kwa mkono mmoja, kama mtu anayeshika mpini wa mlango wake. Niliona mdomo wake unapigana na kicheko, na macho yake yanapigana na kitu kingine.

"Ninawajua," alisema. "Mbuzi ni wangu, na huyo mwanaume pia ni wangu, na ujinga wake. Kuleni. Hizo mbili zingine nitamdai mimi mwenyewe nikifika nyumbani."

"Nyumbani wapi?" shangazi akauliza, akitaka lisikike vizuri.

"Krimea," akasema shemeji, akaachilia pembe, akaingia jikoni bila kutazama nyuma kisu kikinolewa.