Urefu wa Triza

Mara ya kwanza Asenath Nalianya alipokuja kwangu alikuwa amebeba karatasi, hakubeba mtoto. Nasema hilo mapema kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Fundi mwenye akili angemwuliza mtoto yuko wapi. Mimi niliangalia karatasi.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Mimi naitwa Mativo, na wakati huo nilikuwa nachomelea vyuma Kariobangi, kwenye banda la mabati katikati ya mtu wa masufuria na mtu wa majeneza. Kazi yangu kubwa ilikuwa mikokoteni, hasa ya wafanyabiashara wa mbuzi wa Kiamaiko, watu wanaopakia ngozi mpaka ekseli inapinda halafu wanakuja kunilaumu mimi. Sikuwa mtu mpole, na sijawa hadi leo. Mteja akianza kunielekeza namna ya kushika chuma, namwambia avae miwani achomelee mwenyewe. Mke na watoto walikuwa nyumbani Mwala, mimi nikalala chumba kimoja Huruma, na kuna siku maneno yote yaliyonitoka tangu asubuhi hadi jioni yalikuwa inchi tu.

Karatasi yenyewe ilichanwa kutoka gazeti la ng'ambo. Nesi wa kliniki alikuwa amempa. Ilikuwa picha ya baiskeli inavuta kijigari cha magurudumu mawili, ndani yake mtoto amelala amefungwa mikanda, na mama yake anaendesha huku anacheka.

"Fundi, unaweza nitengenezea kitu kama hii?"

Nikamwambia barabara ya kwenye picha inaonekana haina hata jiwe moja. Hakucheka. Alikuwa mama wa miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, shingo imeinamia mbele kidogo hata akiwa hajabeba kitu.

Akanieleza. Mtoto ni Triza, wa miaka kumi na mmoja, na tangu azaliwe hajakaa, hajasimama, hajasema neno. Asenath alikuwa amezunguka ofisi tatu mjini akitafuta kitu cha kumbebea. Viti vya magurudumu walivyogawa vilikuwa vya watu wanaoweza kukaa. Ofisi moja waliitisha barua ya chifu, akaleta, wakaitisha ya daktari, akaleta, wakamwambia asubiri. Nyingine mama mmoja alimwambia kwa upole kabisa kwamba vigari kama hicho cha kwenye picha haviagizwi, huja tu kwenye makontena, vikija. Safari zote hizo Triza alikuwa mgongoni, amefungwa kwa leso mbili. Makanga wa matatu nao walikuwa wamekataa kumbeba bila kulipiwa kiti, na kiti chenyewe hawezi kukikalia.

Sasa mgongo wa Asenath ulikuwa umekataa. Daktari alimwambia akiendelea hivyo wataishia kulala wote wawili. Na ilikuwa imetokea bahati wakati mbaya: kule Pumwani, kwenye ukumbi wa kanisa, kulifunguliwa darasa la watoto kama Triza, Jumanne na Alhamisi, wananyoshwa viungo, wanaimbiwa, wanakaa na wenzao. Walikuwa wamemwandika. Mwalimu alisema nafasi itamngoja mpaka mwisho wa mwezi wa sita, baada ya hapo wanampa mwingine.

Baiskeli alikuwa nayo. Mume wake, Makokha, aliiacha alipopunguzwa kazi kiwandani akarudi Webuye kutafuta mtaji, na mwaka huo ulikuwa wa tatu akiutafuta. Asenath mwenyewe alijua kuendesha. Tangu msichana alikuwa akipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga.

"Mlete mtoto nimpime," nikamwambia.

Tepu yangu ilikuwa imekatika, kwa hiyo mkononi nilikuwa nimeshika ya jirani wangu wa majeneza. Asenath aliitazama. Akamtazama mwenye tepu, akatazama na kisanduku kidogo cheupe kilichokuwa kikikauka rangi pale mbele.

"Hawezi simama, fundi. Utampima akiwa amelala?"

"Sasa nitampima vipi tena?"

"Hapana. Mtoto wangu hatapimwa akiwa amelala. Kwetu mtu anapimwa akilala wakati ashakufa."

Hata kwetu Ukambani hakuna mtu angekubali hivyo. Nilipaswa kuelewa, na pengine nilielewa, lakini nilikuwa nimeshaona kama nimedharauliwa. Nikamwambia basi akapime mwenyewe kwa kamba, aweke fundo, mimi nitajenga kulingana na fundo.

Siku mbili baadaye akaleta kamba ya katani yenye mafundo mawili, moja la upana, moja la urefu. Nikaikunjua. Ilikuwa fupi.

"Huyu ndiye wa miaka kumi na mmoja?"

"Ndiye huyo."

Niliona wazi kuna kitu hakikai sawa. Nikanyamaza kwa kiburi. Mteja amesema, mimi ni nani. Nikakata bomba kufuata kamba.

Jumamosi aliyokuja kuchukua kijigari, ile trela, ndiyo siku niliyomwona Triza. Alikuwa mgongoni, kichwa kimeegemea shingo ya mama yake, miguu imekunjwa, magoti yamembana mama yake mbavuni. Papo hapo nikajua kamba ilipima nini. Ilipima kutoka kisogoni mpaka magotini, Triza alivyokaa mgongoni. Asenath alikuwa amempima mtoto anayemjua.

Tulijaribu hata hivyo. Kichwa kikapita juu ya bomba la nyuma, magoti yakagonga la mbele, na kifundo cha mguu kikakwaruzwa na mahali nilipochomelea vibaya. Triza akalia. Hakulia kwa kwikwi kama watoto wengine. Ilikuwa sauti moja ndefu isiyopumua, mpaka mtu wa masufuria akaacha kugonga na watu wakaanza kusimama barabarani kuangalia. Asenath alimtoa, akamfunga mgongoni, akafungia trela kwenye baiskeli.

"Asante fundi. Umefanya kazi."

Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningemjibu na tungekuwa sawa. Lakini aliondoka akisukuma baiskeli, trela tupu inamfuata na mtoto yuko mgongoni, na mimi nikabaki nimesimama na nyundo, naona aibu ambayo sikuwahi kuiona kwa mkokoteni wowote.

Wiki mbili zikapita. Sikumwona. Mwezi wa sita ulikuwa unakwisha nami nilikuwa nimeanza kusemasema peke yangu kazini. Alhamisi moja nikafunga banda mchana, nikaenda Kiamaiko, alikosema anaishi. Niliwauliza watu wa mbuzi, wakanielekeza nyuma ya machinjio, mlango wa nne.

Mlango wa nne ulikuwa na kufuli kwa nje. Trela yangu ilikuwa kando ya ukuta, ndani yake kuna makaa. Nikageuka niende zangu, ndipo nikasikia sauti ndani. Ni ile ile, ila ya chini, kama ya mtu aliyechoka kuita.

Jirani, mama mmoja anayeitwa Ruqiyo, alikuwa ameketi kizingitini kwake akichagua mchele.

"Huyo ni Triza," akasema. "Mama yake ameenda kufua nguo za watu Komarock. Anarudi saa kumi na moja."

"Na amemfungia?"

"Atafanya nini? Mwaka jana wezi waliingia, wakabeba mpaka blanketi yenye amefunikwa nayo. Mimi nasikiliza. Akilia sana naongea na yeye hapa kwa mlango."

Ilikuwa saa nane. Sijui kwa nini sikuondoka. Nilikaa chini, nikaegemea ule mlango, na kwa kuwa sikujua watoto huambiwa nini, nikaanza kumweleza kazi. Nikamwambia bomba ukilikunja likiwa tupu litavunjika, kwanza ulijaze mchanga. Nikamweleza habari ya rimu na spoku. Alinyamaza. Nikinyamaza mimi, anaita. Basi nikaendelea mpaka nikafika kwa watoto wangu wa Mwala, wa mwisho niliyekuwa nimemwona mara tatu maishani mwake. Tangu nifike Nairobi sikuwa nimeongea na mtu kwa muda mrefu namna hiyo. Koo iliniuma, na moyo pia uliniuma, nisifiche.

Asenath alipofika, vidole vimekunjamana kwa sabuni, alinikuta nimekaa pale kama mlinzi.

"Kamba yako ilimpima akiwa mgongoni, mama Triza."

"Najua," akasema. "Niliona siku ile. Lakini mimi simjui vingine, fundi. Namjua akiwa hapo."

"Nataka nimwone amenyooka."

"Nilishakuambia."

"Hatumpimi yeye. Utanipima mimi."

Akafungua kufuli. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimoja, na godoro sakafuni. Triza alikuwa amelala hapo, uso umeelekea mlangoni. Nikavua viatu nikalala chali kwenye simenti kando ya godoro, kichwa changu sambamba na chake. Asenath alibaki amesimama, amejishika mdomo.

"Wewe huogopi kupimwa hivyo?"

"Mimi nikifa hapa Nairobi, wa kwanza kujua atakuwa mtu wa majeneza, kwa sababu ataona sijafungua banda."

Hapo akacheka, kidogo tu. Kisha akawasha jiko, akapasha mafuta, akapiga magoti, akaanza kumkanda Triza miguu. Alikanda muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia juu, mahali ambapo Triza huangalia kutwa. Kulikuwa na mabati, na kwenye mabati matundu saba ya misumari. Nairobi yote aliyopewa ilikuwa hiyo. Nilipogeuza kichwa nikakuta macho yake yananitazama, makubwa, yametulia. Nadhani hakuna mgeni aliyewahi kulala kando yake.

Magoti yalifunguka polepole. Hayakunyooka kabisa, lakini yalinyooka zaidi ya vile mama yake alivyowahi kuyaona. Visigino vikashuka, vikapita magoti yangu, vikafika katikati ya muundi. Nikampa Asenath chaki yangu ya kazi, apige alama kwenye suruali yangu, mahali hapo hapo. Hakupiga. Nikainua kichwa. Alikuwa amekaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji, chaki mkononi, anamtazama binti yake kutoka utosini hadi vidoleni.

"Anakaribia kunifikia," akasema. "Alikua lini?"

Mwishowe akapiga chaki, nami nikaenda kujipima mwenyewe kwa tepu, nje.

Trela ya pili niliijenga siku nne, na wateja wa mikokoteni wakatukana walivyotaka. Niliongeza futi moja na nusu. Nikaweka springi za kochi kuukuu chini, sponji juu, mikanda ya tyubu isiyokata ngozi, na nikainua upande wa kichwa ili Triza aone mbele badala ya mawingu tu. Kila mahali nilipochomelea nilipitisha kidole changu mara mbili.

Jumanne ya mwisho ya mwezi nilikwenda Kiamaiko na bisibisi mfukoni, kama kuna kitu kitalegea. Tulimlaza. Alikaza mwili, nami nikangoja ile sauti. Haikuja. Mbuzi wakapita kando yake wakamnusa mkono. Ruqiyo akamfunika miguu kwa mtandio wake. Asenath akapanda baiskeli, ikayumba kidogo, ikanyooka. Nikakimbia nyuma yao mpaka barabara kubwa, halafu nikaacha. Pumzi ilikwisha, na pia hakuna aliyekuwa amenialika.

Saa nne na kitu nilikuwa bandani kwangu nikaona baiskeli ile inakuja. Trela ilikuwa tupu. Chuma kiliniponyoka.

"Triza yuko wapi?"

"Amebaki," Asenath akasema, akishuka. "Mwalimu amesema wazazi waende, warudi saa saba."

"Alilia?"

"Hapana. Nilimwambia naenda. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia wenzake."

Nikamwambia hiyo ni habari njema, ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

"Ni njema," akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. "Njiani nilisimama kila mara kuangalia nyuma. Miaka kumi na moja nimezoea pumzi yake hapa kwa shingo. Sasa mgongo uko baridi, fundi. Nimeenda mpaka kwa mlango wa nyumba nikaona sina sababu ya kuingia."

Nikazima mashine. Mtu wa masufuria alikuwa anatuangalia, nikamkazia macho akaendelea na kazi yake. Asenath alisimama katikati ya vyuma vyangu akiwa ameshika ncha za leso kifuani, kwa mikono miwili, namna mama anavyoshika kabla ya kufunga mtoto. Akatazama barabara, watu wanakwenda huku na huku, kila mmoja ana haraka yake.

"Hebu niambie," akasema. "Saa kama hizi, watu wengine huwa wanakaa wapi?"

Nilifikiria kweli. Nilikuwa na miaka kumi na minne katika mitaa hii, na sikupata hata mahali pa kumtajia.