Mfalme Asiyekuwa na Mtani

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilikuja shuleni kwetu Mbinga ndani ya boksi la vitabu vya msaada, kimebanwa kati ya atlasi mbili zilizoloana, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa historia, nikaambiwa niamue kama kinafaa au kiende jikoni kuwashia moto. Nilikisoma kwa siku mbili. Kilisimulia kwa lugha rahisi hadithi ya kale mno ya nchi ya mito miwili, huko ambako leo ni Iraki. Mfalme mbabe alipigana na mtu wa porini, wakashindwa kuangushana, wakawa marafiki. Wakaenda pamoja msituni kumuua mlinzi wa miti ili majina yao yasisahaulike. Kisha rafiki akaugua, akafa, na mfalme akazunguka dunia akitafuta dawa ya kifo.

Jambo moja lilinikera. Rafiki alipokufa, mfalme alikataa azikwe. Alikaa na maiti karibu wiki nzima, mpaka funza akatoka puani. Nilifunga kitabu. Mfalme mzima, mwenye makuhani na wazee wa mji, anafikaje huko? Hao wazee walikuwa wapi? Nani alimletea hata maji ya kunywa? Mimi swali likiniingia halitoki, na hili nilitembea nalo miezi.

Nikampelekea mtani wangu. Huyu alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka ziwani, upande wa Mbamba Bay, aliyekuwa akipanda kwetu kila wiki na magunia ya usipa mkavu, wale dagaa wa kwao. Sisi watu wa mlimani na wao wa ziwani tunataniana, na yeye hakuwa na kiasi. Siku ya kwanza nilimwambia usipa wake una mchanga. Akanijibu kwamba anachouza ni mchanga, usipa ni nyongeza. Nilikasirika, maana hasira zangu ziko karibu, halafu nikacheka bila kupenda, na miaka kumi na minane ikapita tukiwa hivyo.

Shule aliishia darasa la saba, lakini kwa kuuliza alinishinda. Nilimsomea kile kitabu kibarazani kwangu, yeye akigeuza kahawa yangu iliyoanikwa bila kuombwa.

"Huyo mlinzi wa msitu aliwakosea nini?"

Nikamwambia hakuwakosea kitu, walitaka sifa.

"Basi hao ni wezi wa mbao tu."

Nikamwambia ndivyo ushujaa wa zamani ulivyokuwa. Akasema kama ni hivyo, hata mimi Mwalimu ni shujaa, na nilijua anakokwenda. Likizo moja ya nyuma alikuwa amenipakia kwenye mtumbwi wake. Upepo wa mwera ukatukuta mbali na ufukwe. Mimi sijui kuogelea. Nilishika ukingo kwa mikono miwili, nikasali sala zote ninazozijua, pamoja na zile za kuombea marehemu, naye akapiga kasia peke yake mpaka tukagusa mchanga. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa kimeshaambiwa kwamba Mwalimu kamwokoa mchuuzi. Wazee walikuja kunipa mkono. Kila nilipofungua mdomo kukanusha, aliniwahi: "Mnaona, na ni mnyenyekevu."

Nikamfikisha kwenye swali langu la mfalme na maiti. Aliacha kugeuza kahawa.

"Hakuwa na mtani," alisema.

Kwetu mtu akifa, watani ndio wanaochangamsha msiba. Wanamwiga marehemu alivyotembea na alivyosema, wanawadhihaki wafiwa mpaka wacheke. Kaburi likishachimbwa, mtani anarukia ndani, analala, anadai mahali ni pake, na hatoki mpaka apewe kuku au chochote cha kumridhisha. Akitoka, marehemu anashushwa. Ndivyo tunavyozika.

"Huyo mfalme alizungukwa na watu wa kumwinamia," akaendelea. "Nani angethubutu kumchekesha? Ndiyo maana akakaa na maiti. Hakuna aliyemwonyesha njia ya kutoka."

Nilimbishia, maana mimi ndiye mwalimu. Nikamwambia hayo ni mambo ya kwetu, hayawezi kufungua hadithi ya watu walioandika kwenye udongo maelfu ya miaka iliyopita. Akasema hata hao waliokuwa wakiandika kwenye udongo walizikwa udongoni, akaendelea kugeuza kahawa.

Mwaka juzi miguu ilimvimba, kisha tumbo. Wakasema ni ini. Alilazwa hospitali moja huku mlimani, nami nikawa naenda kwa bodaboda kila Jumamosi. Mkewe alikuwa hapo siku zote, mwanamke wa maneno machache ambaye mimi namwita shemeji. Jumamosi moja mgonjwa akaniomba nimsomee tena pale rafiki wa mfalme anapougua. Sikutaka. Pale yule rafiki analalamika kwamba anakufa kitandani, si vitani kama mwanamume. Nilisoma harakaharaka, bila kuinua macho.

"Na ubabe wote ule, kitandani?"

"Kitandani."

"Basi na mimi sijaonewa."

Shemeji aligeukia dirishani. Mgonjwa akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno kwa mtu aliyezoea kubeba magunia.

"Mwalimu, wewe una kiburi. Usije ukanifanyia kama mfalme. Nikifa nipelekwe kwetu, nizikwe mapema, na watu wacheke. Wewe ndiye mtani wangu, kaburi langu utaliingia wewe. Ukilia mbele ya watu wa ziwani, umeiaibisha milima yote. Niahidi."

Nikaahidi. Niliiogopa ahadi hiyo kuliko nilivyouogopa mtumbwi.

Alikufa Jumatano. Tulimteremsha ziwani kwa lori, kona baada ya kona, mimi nimeshika jeneza lisiteleze, nikirudia kimoyomoyo vichekesho vyangu kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani.

Nilianza vizuri, nasema kweli. Nilijitwisha gunia tupu, nikatembea kwa ule mwendo wake wa kubinua kiuno. Nikamwuliza mama yake kama alimzaa mtoto au mzani wa uongo. Nikawasimulia safari ya mtumbwi jinsi ilivyokuwa hasa, nikasema nilimwokoa kwa kulia. Walicheka mpaka mama mzazi akajifuta machozi kwa khanga. Kaburi lilipokuwa tayari nikaruka, nikalala chali.

"Pameshajaa hapa. Mpelekeni kwingine."

Wakaleta jogoo. Nikasema mdogo. Wakaleta wa pili. Nikasema kuku wa ziwani wananuka samaki, peponi hawapokelewi. Vicheko vikazidi. Kijana mmoja akainamisha beseni la usipa ukingoni.

"Una mchanga," nikasema, na sauti ikakatika.

Hakuna aliyegundua. Walidhani nangoja beseni la pili, wakalileta. Ilikuwa zamu yangu kuinuka, nami nikabaki nimelala. Chini kule mchanga ulikuwa wa baridi, juu mbingu ilikuwa kipande kidogo cha bluu, na nilijua vizuri kabisa kwamba nikitoka, yeye anaingia. Sikutaka aingie. Basi. Nilikuwa nimedhani yule mfalme alichanganyikiwa, kumbe pengine akili zake zilikuwa timamu. Pengine wazee wa mji walikuwepo, wakimwita kwa jina, naye akiwasikia vizuri tu.

Vicheko vikapungua. Padri akatazama saa. Mtu akasema, "Mwalimu, inatosha sasa." Chembe za mchanga zilikuwa zikiniangukia shingoni na sikuzipangusa.

Kisha shemeji akaja, akapiga magoti ukingoni. Macho yake yalikuwa makavu.

"Shemeji," alisema polepole, mimi tu nisikie. "Umemtimizia. Sasa mpishe. Kachoka, naye anataka kulala."

Nikanyoosha mkono. Wanaume wawili wakanivuta juu. Mgongo wangu wote ulikuwa mchanga, na uso ulikuwa umeloa, na watu wote wa ziwani walikuwa wakiniona. Shemeji akaanza kunipangusa mgongo kwa kiganja, kisha akawageukia.

"Mnaona," akasema kwa sauti kubwa, "na ni mnyenyekevu."

Kijiji kizima kikacheka, mama yake akiwa wa kwanza, nami nikalia katikati ya kicheko chao, na jeneza likashushwa.