Ukurasa Uliobaki Jumatatu

Blogu yangu naiandika kwa simu, nikiwa kwenye kibanda changu cha kuchajia simu za watu hapa Nchelenge, karibu na bandari ya ziwa linalotutenga na Kongo. Naandika Kiswahili kwa sababu wasomaji wangu wengi ni wafanyabiashara wa Kongo wanaosubiri maboti ya samaki, na kwa sababu ndicho mama alichotulea nacho. Juu naweka mambo ya mtandao: jinsi ya kutengeneza ukurasa mwepesi, kwa nini picha kubwa zinamaliza data ya mtu. Chini naweka mambo ya nyumbani: tumepika nini, mvua imetoboa wapi, nani ana mafua.

Shule niliacha darasa la saba, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini. Nyuma yangu kulikuwa na wasichana wawili, na mimi ndiye yaya wao, yaani mkubwa wao. Kutengeneza kurasa nilijifunza kwa kufungua kurasa za wengine na kuangalia msimbo wake, kama mtu anavyofumua wavu wa mwenzake aone fundo limefungwaje. Ilinichukua muda mrefu. Sikuwa na haraka.

Mdogo wangu wa kati ameolewa kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani kwetu, ambako mtandao unashika mahali pamoja tu, nyuma ya kanisa, tena kwa kubahatisha. Kwa ajili yake niliongeza kwenye blogu kipande cha msimbo kinachoiambia simu itunze nakala ya ukurasa, ili ufunguke hata mtandao ukiwa haupo. Nilijivuna sana. Niliandika makala mbili nzima kueleza nilivyofanya.

Jumatatu moja kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka tisa, aliamka na malaria. Nikaandika pale chini: “Mdogo wetu ana homa. Tangu jana hajala. Amelala tu.” Nikampeleka kliniki, wakampa dawa. Jumanne alikunywa uji. Jumatano alidai samaki wa nyanya na akagombana nami kuhusu nani ale kichwa. Yote hayo niliyaandika.

Lakini kwenye simu ya mdogo wangu wa kati ilibaki Jumatatu, siku simu yake iliponasa mtandao kwa mara ya kwanza tangu nitie msimbo ule. Msimbo wangu uliiambia simu: kama una nakala, mpe mwenyewe asome. Nilisahau kuiambia iulize kama kuna mpya. Na tarehe nilikuwa nimeziondoa zamani, kwa sababu wakati mwingine wiki mbili zilipita sijaandika, nikaona aibu wageni waone mapengo. Basi kila jioni alikwenda nyuma ya kanisa, akafungua, akasoma kwamba mtoto amelala tu.

Alhamisi alinipigia. Sauti ilikatika-katika, nikasikia anauliza kama mutoto iko vile vile. Wateja walikuwa wamejaa mbele yangu. Nikamjibu, “Tuko bien, wazima, usihangaike. Ukipata nafasi, kuya tu.” Mtandao ukakata, nikaendelea na kazi.

Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Aliye mbali huambiwa kwamba wote ni wazima, aje tu, kisha akifika anakuta watu wamekaa nje. Mama alipofia hospitali, shangazi alitupigia kwa maneno hayohayo. Mimi nilielewa nikanyamaza. Mdogo wangu wa kati alikuwa na miaka kumi na moja. Aliyaamini, akaenda amebeba samaki wakavu ili mama apate nguvu.

Ijumaa, jua likiwa kichwani, nilisikia kilio kikipanda kutoka bandarini. Nikamwona anakuja, kitenge amekifunga kiunoni, kichwa wazi, miguu mitupu, na nyuma yake abiria aliovuka nao. Jirani yangu alikuwa ameshafungua kitambaa chake cha kichwa na kuanza kulia naye kabla hajauliza chochote. Nilikimbia kumpokea lakini alinipita kama hanioni, akaelekea nyumbani.

Mlangoni akatokea kitinda mimba, tonge la bukari, ugali wetu, mkononi.

“Nani amekufa?” akauliza.

Mdogo wangu alisimama, kisha akakaa palepale njiani kwenye mchanga. Jirani, machozi bado yanamtiririka, akageuka huku na huku: “Sasa mi nalilia nani?” Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja aliyeshuka naye kwenye boti alilalamika kwamba wameomboleza toka Kilwa mpaka koo zimekauka, basi wapewe hata maji. Nikawaletea maji.

Mdogo wangu hakucheka. Alimvuta mtoto, akampapasa shingo, masikio, tumbo, akamnusa kichwani kama mtoto mchanga. Mtoto akavumilia, akiinua tonge lake juu lisiingie mchanga. Ndipo dada yake akanitazama.

“Yaya, ulisema tuko bien.”

“Tulikuwa bien.”

“Njo vile balisema siku ya mama.”

Nikaketi kando yake mchangani. Tulikaa pale watatu mpaka watu walipotawanyika.

Baadaye aliniazima simu yake nikaona mwenyewe ile Jumatatu yangu, imekaa pale bila tarehe. Nikamweleza kosa langu lilivyokuwa. Nikamwambia nitaondoa kabisa mambo ya nyumbani, nibaki na ya mtandao, ambayo yakikosewa hayamvushi mtu ziwa.

“Usitoshe, yaache,” alisema. “Mi naingiaka pale kuona mumekula nini. Ile ingine ya mashini sisomaka.”

Miaka yote hiyo nilidhani anasoma yale ya juu.

Jumamosi tulikaa pamoja kibandani. Nilirekebisha msimbo, yeye akiwa ameshika simu yake na kujaribu kila nilipomwambia. Tarehe nikaiweka juu kabisa, kwa herufi kubwa mno. Alisema ziwe kubwa zaidi. Mapengo yaonekane tu. Kisha nikaandika kosa langu lote, ili mwingine asije akalirudia.

Alivuka Jumapili baada ya ibada. Jumatatu alinipigia, akanisomea tarehe neno kwa neno, kama anasomea mwalimu. Ilikuwa ya siku ileile. Nikamwambia basi, sasa anaweza kuuamini ukurasa.

“Nauamini,” alisema. “Nipe mutoto.”

Nikawaomba wateja wangoje. Nilitembea na simu mpaka nyumbani nikiomba mtandao usikate, nikamkuta mtoto anafua. Mikono yake ilikuwa na sabuni, hivyo nikachuchumaa na kumshikia simu sikioni, nikakaa vile mpaka walipomaliza.