Komeo Aenda Kudaka Ng'ambo

Tangu alipodaka penalti mbili kwenye fainali ya mashindano ya shule, watu waliacha kumwita jina lake wakamwita Komeo. Alikuwa golikipa, binti wa fundi cherehani, mwenye mikono mirefu kiasi kwamba mama yake alimpima mikono ya gauni mara mbili akidhani futi imekosea. Siku kocha wa timu alipomwambia kuna vyuo ng'ambo vinavyowafadhili wachezaji, Komeo alimweleza mama yake. Na mama, kwa udhaifu wa kibinadamu tu, akamweleza kaka yake.

Mjomba alikuwa mtu wa ng'ambo. Alikaa huko wiki tatu, kwenye mafunzo ya mashine za uchapishaji, kabla Komeo hajazaliwa, na tangu hapo hapakuwa na jambo la nchi za watu lililompita.

"Hii kazi niachieni," alisema, hata viatu hajavua. "Wale watu nawajua."

Vyuo vilitaka matokeo ya shule na video ya mechi. Matokeo ya hesabu ya Komeo yalikuwa ya kuombewa dua kuliko ya kuonyeshwa, lakini Mjomba alisema hesabu ni mambo madogo, video ndiyo kila kitu. Akamleta rafiki yake, mpiga video wa harusi. Naye akafanya alichokijua. Komeo aliruka taratibu kama bibi harusi anayeingia ukumbini, waridi zikielea pembeni, kinanda kikilia kwa mahaba. Kila bao alilofungwa lilikatwa. Ungedhani timu pinzani zilikuja uwanjani kumjulia hali.

"Mjomba, mbona kama nimeolewa na goli?"

"Wewe daka, mengine niachie mimi."

Video ikatumwa, na Mjomba akatangaza kwa kinyozi, kwa muuza duka na kwa yeyote aliyesimama karibu naye kwamba mpwa wake anaondoka mwezi ujao. Vyuo vingi havikujibu. Kimoja kilijibu, kikampongeza kwa ndoa.

Komeo akachoka. Akachukua simu ya mama yake, akatengeneza video yake mwenyewe: mechi moja ya mvua na matope, mabao matatu aliyofungwa yakiwemo. Akamtumia kocha wa chuo kidogo ambacho Mjomba alikuwa amekidharau. Kocha yule, mama mmoja mkavu wa maneno, akaomba waonane kwa simu ya video.

"Bao la pili, ulikuwa umesimama wapi?" aliuliza.

"Pabaya."

"Na la tatu?"

"Nilikuwa bado naliwaza la pili."

Kocha akacheka. Hapo Mjomba, aliyejibanza nyuma ya pazia, akaingiza kichwa kwenye simu na kueleza, kwa Kiingereza chake cha wiki tatu, kwamba mtoto huyu hajawahi kufungwa.

"Huyu nani?" kocha akauliza.

"Wakala wangu," alisema Komeo. "Sikumchagua, nimezaliwa nikamkuta."

Nafasi ipo, kocha akasema, ila kwa hesabu zile chuo hakitamfungulia mlango. Arudie mtihani, naye atamsubiri hadi msimu ujao.

Mwaka mzima, basi, na mtaa ulishamuaga. Mjomba, badala ya kufuta maneno yake, alimshauri mpwa wake apite njia ya uani. Komeo alipita hivyo siku chache, kichwa chini kama mwizi wa kuku, kisha akaona upuuzi. Akapita mbele ya kinyozi mchana kweupe.

"Umerudi lini?" kinyozi akauliza, mkasi hewani.

"Sijaenda. Nilifeli hesabu."

"Lakini mjomba wako alisema umepiga simu juzi, unalalamika baridi."

"Baridi ipo huko, shikamoo kaka. Ila sijaionja mimi."

Alitembea hadi nyumbani uso ukiwaka moto, lakini akiwa mwepesi. Baada ya hapo alikaa darasa moja na watoto waliompita kila kitu isipokuwa urefu, akazisaga hesabu mpaka zikakubali. Alifaulu kwa kuchechemea. Kocha akatimiza ahadi, na Komeo akaondoka.

Huko akawa golikipa wa tatu, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kujifunika blanketi na kupiga makofi. Asubuhi alidaka mazoezini mpaka vidole vikafa ganzi, jioni alisoma. Mtaani, Mjomba alikwisha kumfanya nahodha.

Jumapili moja mama alipiga simu.

"Unacheza, mwanangu?"

"Nakaa benchi, Mama."

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Unakula?"

"Nakula."

"Unasoma?"

"Nasoma. Hata hesabu."

"Basi kaa," mama akasema. "Benchi nalo ni kiti."