Maji ya Kupeleka Ziwani

Shemeji yangu Felisian alikuwa mtu wa maneno machache na baiskeli moja. Dada yangu Wankyo alipoolewa naye, nilisema waziwazi pale nyumbani Kitaji, Musoma mjini, kwamba dada ameolewa na baiskeli, huyo bwana amekuja kama mzigo wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kununua furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mwalo wa wavuvi, kuwapeleka vijiji vya upande wa Butiama, na kurudi na mihogo. Barabara kuu hakuigusa. Mwaka ule wa msako wa walanguzi vizuizi vilijaa barabarani, na mgambo walimnyang'anya mtu hata kipande cha sabuni. Felisian alipita juu, msituni, kwenye kinjia cha mlima ambacho hata wachunga mbuzi walikilalamikia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa kichekesho. Tyubu hazikupatikana dukani, kwa hiyo tairi alizishindilia nyasi kavu. Raba za breki zilikwisha zamani. Kwenye mteremko alifunga tawi la majani nyuma, likawa linaburuzika na kumpunguzia mwendo. Nilimcheka sana kwa tawi hilo. Nilisema mume wa dada anatembea na kivuli chake.

Kisha Wankyo akaanza kuharisha. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, na kufika jioni macho yake yalikuwa yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Hospitalini kitanda kilikuwepo, maji hayakuwepo. Nasema maji ya kutundikwa, yale ya kuingia mshipani. Sisi tunayaita maji tu. Ya kunywa aliyatapika yote. Asubuhi muuguzi Dafroza hakutuficha.

"Hajakojoa tangu jana," alisema. "Figo zikigoma, ndiyo basi. Masista wa zahanati ya kule nyuma ya mlima wanakuwaga na akiba, lakini gari letu halina dizeli."

Felisian aliinuka. Alichukua kanga ya mkewe akatoka. Nilisikia mnyororo wa baiskeli, basi.

Masista walimpa chupa mbili za kioo, ndizo walizobakiwa nazo. Hapo akakutana na tabu mpya. Tairi za nyasi hazina huruma, kila jiwe linapiga mpaka kwenye meno, na chupa zikikaa kwenye keria zingepasuka kabla hajamaliza kijiji. Akazifunga kwa kanga mgongoni, kama mama anavyombeba mtoto, akaingia msituni.

Kule juu miti imeshonana na ukungu unachelewa kuondoka. Kinjia ni mizizi na mawe yanayoteleza, upande mmoja korongo. Kwenye mwinuko alisukuma. Penye nafuu alipanda na kukanyaga pedali akiwa amesimama, ili mgongo usitikisike, na kila baada ya kitambo alipeleka mkono nyuma kuzipapasa chupa. Alipofika kwenye mteremko mkubwa alikata tawi, akalifunga, akajiachia.

Katikati ya mteremko kamba ikakatika. Baiskeli ikashika njia yake. Felisian alikandamiza katambuga, kiatu chake cha mpira wa tairi, kwenye gurudumu la mbele mpaka pakanuka mpira ulioungua, lakini mbele kinjia kilipinda na yeye hakuweza kupinda nacho. Alichoweza kuchagua ni jinsi ya kuanguka. Akaangukia kifua. Alilala pale bila kusikia maumivu, maana alikuwa anasikiliza kama kuna kitu kinatiririka mgongoni. Kilikuwepo, tena cha moto; ilikuwa damu ya kisogoni mwake, pale usukani ulipomgonga. Chupa zilikuwa nzima.

Kinjia kile hatimaye huangukia barabarani, kabla ya mji, na hapo hakuna pa kukwepea. Siku hiyo palikuwa na kizuizi. Mgambo aliyekilinda aliitwa Magige.

"Mzee, unabeba nini mgongoni? Mtoto?"

"Maji."

"Unapeleka wapi?"

"Musoma."

Magige aligeuka akatazama upande wa mji, ambako ziwa lilikuwa linang'aa lote. "Unatoa maji mlimani, unapeleka ziwani," alisema. "Wewe unanionaga mimi ni mjinga."

Felisian angesema dawa, angeulizwa dawa ya serikali ameitoa wapi, na mwaka ule swali hilo lilikuwa mlango wa gereza. Alisema maji kwa kuwa ni maji, na kwa kuwa hatuna neno lingine. Magige akafungua kanga, akaona chupa, akajua palepale kwamba ni gongo. Kisu kiling'oa kifuniko, kizibo cha mpira kikatoka.

"Ni ya mgonjwa, ya mshipani," Felisian alisema. "Ikishafunguliwa haifai tena."

"Kama ni maji, kunywa."

Akanywa. Alikusudia funda moja, lakini hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi, na koo likamshinda. Aliimaliza chupa huku akilia. Magige hakuridhika. Alimkalisha juani amtazame kama atalewa. Felisian akakaa ameikumbatia chupa iliyobaki, akijua kwamba kule wodini mtu anakauka. Jua likasogea. Mwishowe Magige akamwamuru aendeshe baiskeli kwa mstari ulionyooka. Akaendesha, wala hakugeuka nyuma.

"Moja tu?" Dafroza alimwuliza alipoingia wodini.

"Nyingine nimeinywa."

Nilimshika shati. Nilimwambia maneno ambayo shemeji haambiwi, na yeye alisimama tu, damu imemkauka shingoni, akaniacha nimalize. Dafroza alitundika chupa. Tukakaa tunatazama matone. Chupa ikafika nusu, ikafika robo, na dada hakufumbua macho. Ilipokwisha, Dafroza aliufunga mrija bila kututazama.

Ndipo Wankyo akatikisa midomo. "Baba Gati," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "nataka kukojoa."

Dada yangu ni mwanamke wa haya, jambo hilo hata mimi huniambia kwa mafumbo. Siku ile alilisema mbele ya wodi nzima. Dafroza alikimbilia beseni la bati, lakini shemeji alimtangulia, akalishika mwenyewe kwa mikono miwili, na mlio ulipoanza kusikika kwenye bati, yule mtu wa maneno machache akalia kwa sauti.